Kwa nini mzuka wa Kihindi hukaa gesti

Gari linazima njiani usiku, na mvua inanyesha kama imetumwa. Ndani wamo vijana wanne: wawili wapenzi, mmoja mchekeshaji, na mmoja ambaye hata jina lake hutalishika kwa sababu hafiki nusu ya picha. Kwa mbali kuna taa moja inawaka. Wanaifuata, wanakuta jumba la ghorofa lenye kibao kilichofutika herufi, na mzee mwenye chemli mkononi anawapokea kana kwamba alikuwa akiwasubiri. Anawapa funguo. Kisha analitoa lile neno: vyumba vyote vyenu, ila kile cha mwisho wa korido msikifungue.

Aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza anajua kinachofuata, na anajua pia kwamba stelingi hafi. Mimi nilizitazama picha za namna hii miaka mingi bila kujiuliza swali lililo wazi kabisa: kwa nini hoteli? Mizuka ya Kihindi ingeweza kukaa kisimani, juu ya mti wa mpipali, kwenye njia panda, na katika ngano za huko ndiko inakokaa hasa. Lakini ikiingia kwenye sinema ya bei nafuu inahamia nyumba ya wageni, mlimani, mbali na watu. Wengi hujibu kwamba Wahindi waliiga Wazungu. Kuiga kulikuwepo, sikatai. Ila jibu hilo halielezi kwa nini walichagua kuiga hilo na si jingine. Jibu lenyewe liko kwanza kwenye daftari la hesabu.

Sinema ya Mumbai ya miaka ya 1970 ilikuwa ghali kwa sababu ya muda kuliko kitu kingine. Nyota mkubwa alikuwa na picha nyingi mkononi kwa wakati mmoja, akimgawia kila mtayarishaji siku mbili hapa, nusu siku pale. Picha moja ingeweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Studio ilikodishwa kwa zamu. Na fedha zilitoka kwa wakopeshaji binafsi wenye riba kali, maana mabenki hayakuitambua sinema kama biashara ya kukopeshwa. Serikali ya India iliipa hadhi ya tasnia mwaka 1998 tu. Kwa hiyo kila mwezi picha ilipochelewa, deni lilinenepa.

Sasa fikiria mtu asiye na fedha za nyota wala studio. Akifanikiwa kuwachukua waigizaji wasio na majina, akawapeleka mlimani mahali pasipo na pa kutorokea, akawalaza kwenye nyumba ileile anayoipiga picha, anaweza kumaliza kazi kabla riba haijaamka. Upweke unaomtisha mtazamaji ndio huohuo unaomzuia mwigizaji asikimbilie kazi nyingine.

Hesabu hiyo waliipiga ukoo wa Ramsay kuliko wengine wote. Baba yao, F. U. Ramsay, jina la ukoo hasa Ramsinghani, alikuwa na duka la redio Karachi. India ilipogawanywa mwaka 1947 alihamia Mumbai, akaendelea na vifaa vya umeme, kisha akaingia sinema bila bahati kubwa. Alikuwa na wana saba. Mwaka 1970 walitoa picha iliyoitwa Ek Nanhi Munni Ladki Thi, ikaanguka. Lakini vijana wawili kati ya wale saba, Tulsi na Shyam, walikuwa wamekaa ndani ya majumba ya sinema wakiwatazama watazamaji badala ya picha. Wakaona jambo. Kuna sehemu moja ambamo mwigizaji mzee Prithviraj Kapoor anavaa kinyago cha kutisha na vazi la chuma ili akaibe. Polisi wanampiga risasi, hadhuriki. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya sehemu ile tu. Watoto wakamwambia baba: basi tutengeneze picha ambayo yote ni sehemu ile.

Mzee hakuwapeleka chuo. Aliwakodia boti ya kuishi huko Srinagar, Kashmir, wakakaa miezi wakijisomesha kwa kitabu cha Mmarekani Joseph Mascelli kuhusu upigaji picha, kila mmoja akachukua fani yake: huyu kamera, huyu sauti, huyu uhariri, huyu kuandika, wawili kuongoza. Mwaka 1972 wakatoa Do Gaz Zameen Ke Neeche, maana yake yadi mbili chini ya ardhi, yaani kaburi. Waliipiga Mahabaleshwar, mji wa mlimani katika jimbo la Maharashtra, wakilala kwenye nyumba ya wageni ya serikali, huku wanawake wa ukoo wakipika na kusaidia kupamba waigizaji. Siku kama 40, rupia laki tatu na nusu. (Neno letu la laki limetoka hukohuko, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji mkalimani.) Ilihusu mtu tajiri anayefukiwa na waliokuwa wakimmezea mate mali yake, akarudi kuwasumbua. Picha ikarudisha fedha na faida, na ramani ikawa imechorwa.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ingekuwa ndiyo peke yake nisingeandika. Ya pili iko ndani ya jengo lenyewe.

Nyumba zile za wageni za mlimani na maporini zina historia. Waingereza walipoitawala India walijenga kando ya barabara za posta nyumba ndogo za kupumzikia maofisa na wasafiri, zikaitwa dak bangla. Dak ni posta, na bangla ni lile jumba la mtindo wa Bengali lenye veranda, ambalo Waingereza walilibeba hadi kwenye lugha yao. Kila nyumba ilikuwa na mlinzi na mpishi. Msafiri alifika jioni, akaandika jina kwenye daftari, akala kuku aliyekuwa akitembea uani nusu saa kabla, akalala kwenye chumba ambacho mtu asiyemjua alilala jana, na pengine mwingine alikufa humo kwa homa mwaka juzi. Unadhani hadithi za mizuka zingekosa? Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, aliyezaliwa Mumbai na kufanya kazi ya gazeti Lahore na Allahabad, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1880 kisa cha mtu aliyelala kwenye nyumba ya namna hiyo, akasikia usiku kucha mipira ya biliadi ikigongana chumba cha pili. Asubuhi ikabainika ni panya na dirisha lililolegea. Shikilia kisa hicho, tutakirudia.

Baada ya uhuru nyumba hizo zilibaki mikononi mwa idara za serikali na kukodishwa kwa bei ndogo. Mahabaleshwar yenyewe ilikuwa mahali ambapo watawala wa Bombay, yaani Mumbai ya leo, walikimbilia kuepa joto la kiangazi. Kwa hiyo mtayarishaji maskini alikodi jengo lililokwishajengwa, lenye veranda, ngazi za mbao, korido ndefu, milango mingi inayolia, na ukungu wa bure msimu wa masika. Na alikodi pia, bila kulipia, hofu ambayo mtazamaji alikuwa ameshaisikia kwa babu yake. Ukoo wa Ramsay ulitoa Guest House mwaka 1980, Hotel mwaka 1981, na mwaka 1987 mmoja wao, Keshu, akatoa picha iliyoitwa Dak Bangla wazi kabisa. Majina yenyewe ni kama orodha ya wakala wa nyumba.

Hapa inabidi nitenganishe vitu viwili ambavyo mashabiki wengi huvichanganya, kwa sababu wingi wa mkanganyiko kuhusu picha hizi uko hapa. Kuna hoteli, na kuna haveli. Haveli ni jumba la ukoo, la bwana wa ardhi. Mzuka wa haveli ni deni la familia: babu alitenda, wajukuu wanalipa. Ndiyo Purana Mandir ya mwaka 1984, ambayo iliuza kuliko picha nyingi zenye nyota mwaka ule. Shetani Saamri anaulaani ukoo wa kifalme, na laana inamfuata binti wa ukoo hadi Mumbai ya kisasa. Ili hadithi hiyo isimame lazima uwajue baba, babu na babu wa babu. Hoteli haihitaji ukoo. Wageni wa hoteli hawajuani, hawana mama wa kulia, hawana kaka wa kulipiza kisasi, wala harusi ya kuchelewesha mambo. Katika sinema ya Kihindi, ambamo hata jambazi ana mama kipofu, hilo ni punguzo kubwa la kurasa. Wana masanduku na siri zao tu. Ukimuua mmoja, kesho basi linamleta mwingine.

Na kwa kuwa hawajuani, kila mmoja ni mshukiwa. Hapo ndipo picha ya kutisha inapogeuka kuwa picha ya fumbo.

Sinema ya Kihindi ilikuwa na mapokeo marefu ya mizuka ya uongo. Mahal ya mwaka 1949, waigizaji Ashok Kumar na Madhubala: mwanamke wa ajabu anayeimba gizani anageuka kuwa binti wa mtunza bustani. Bees Saal Baad ya 1962: zimwi la kinamasi ni binadamu. Woh Kaun Thi? ya 1964: yule mwanamke wa mvuani, ambaye daktari anamwona kila mahali, ni njama ya urithi. Kisha Gumnaam ya 1965, ambayo ndiyo mama wa picha za hoteli ingawa jumba lake si hoteli hasa: abiria wa ndege wanaachwa mahali pasipojulikana, wanakuta jumba, mtumishi wao ni mchekeshaji Mehmood mwenye vituko vyake, na mmoja baada ya mwingine wanauawa. Kiunzi chake kimetoka kwa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi. Katika picha hizi zote, mwishoni taa huwashwa, na mzuka ni mtu. Ni panya wa Kipling, ila mwenye wosia mfukoni.

Ramsay walifanya jambo ambalo sinema ya heshima ilikuwa inaliogopa: mzuka wao ulikuwa mzuka kweli. Ukiwasha taa, bado upo, tena unanuka.

Picha ya hoteli ya bei nafuu iko katikati ya mapokeo haya mawili, na kwa sababu hiyo mtazamaji hukaa roho juu kwa namna ambayo picha nzuri zaidi hazimweki. Hujui ni kanuni ipi inatumika usiku wa leo. Mwenye hoteli anayetembea na ufunguo mkubwa: ni muuaji, au ndiye pekee anayejua kuna nini chumbani? Kuna njia ya kubashiri, na mimi huitumia mpaka leo. Mzuka wa uongo unahitaji shahidi. Mtu anayejifanya mzuka hana haja ya kuvaa shuka nyeupe na kupita koridoni kama hakuna wa kumwona. Mchezo bila mtazamaji ni jasho la bure. Kwa hiyo ukiona mlango unafunguka wenyewe mahali ambapo hakuna mhusika yeyote, ni wewe tu na kamera, ujue huyo ni mzuka halali. Ukiona kila tukio linatokea mbele ya mrithi mmoja yuleyule, tena akiwa peke yake, tafuta binamu. Na ukionyeshwa viatu tu, au glavu nyeusi, usipoteze muda kuogopa: mizuka haina sababu ya kuficha alama za vidole.

Zipo zinazokudanganya, bila shaka. Picha nyingine zinakupa vyote viwili: binamu anakamatwa, polisi wanamfunga pingu, watu wanapumua, halafu kitu kinamvuta polisi. Na nyingine zinavunja kanuni kwa sababu ya fedha tu. Mahali ambapo mtazamaji anaona fumbo zito lisilofumbuliwa, mara nyingi kuna sehemu ambayo haikupigwa kwa sababu siku za kukodi nyumba ziliisha.

Turudi kwenye Hotel ya mwaka 1981, maana ndani yake kuna fundo jingine linaloeleza mengi. Matapeli wanaitaka ardhi ya mlimani. Juu yake kuna makaburi ya Wakristo. Wanampata padri kwa hila, makaburi yanafumuliwa, hoteli inasimama. Waliofumuliwa wanaamka.

Kwa nini Wakristo, katika nchi ambayo wao ni wachache sana? Kwa sababu maiti ya kutembea inahitaji kwanza maiti iliyofukiwa. Wahindu walio wengi huchoma wafu wao. Majivu yakishatiwa mtoni, hakuna cha kunyanyuka. Mtengeneza picha anayetaka mkono utoke udongoni ana njia mbili. Aende kwenye makaburi ya Kikristo au ya Kiislamu, au aeleze kwa nini mwili huu haukuchomwa. Ukishalijua hilo, utaona jinsi picha hizi zinavyohangaika kuzuia moto: Saamri wa Purana Mandir amekatwa kichwa, kichwa kikawekwa ndani ya sanduku, kiwiliwili kikazikwa kwingine. Katika Guest House ni mkono tu, mkono uliokatwa wa mgeni aliyeuawa, unaotambaa wenyewe kutafuta wauaji wake. Mkono, nadhani, ndiyo athari ya bei nafuu kuliko zote zilizowahi kubuniwa: unahitaji mtu mmoja aliyelala chini ya meza.

Na dhambi ni ileile karibu kila mara. Mgeni aliibiwa, au ardhi iliporwa. Sikumbuki hoteli ya Kihindi iliyolaaniwa kwa sababu za kifalsafa. Utamaduni wa kule una msemo wa Kisanskriti, atithi devo bhava, mgeni na awe kwako kama mungu. Mwenye gesti anayemuua mgeni kwa sababu ya pete amevunja jambo ambalo hata mtazamaji wa daraja la chini kabisa, anayekula njugu kwenye viti vya mbele, hahitaji kufafanuliwa.

Sitazikalia sana nyimbo, vichekesho na yale maonyesho ya kuogelea. Kila mtu anayaona, na kila mtu anajua hayana kazi kwenye hadithi. Yalikuwa na kazi kwenye mauzo. Picha ya Kihindi iliuzwa kwa maeneo: msambazaji wa Delhi na Uttar Pradesh alinunua haki za kwake, wa Punjab za kwake, wa kusini za kwake. Picha isiyo na nyota haikuwa na la kumwambia msambazaji wa mji mdogo isipokuwa ahadi kwamba kila mtu ukumbini atapata kitu. Bodi ya sinema nayo ilizipa alama ya A, watu wazima pekee. Kwa hiyo familia zilishatoka kwenye hesabu, na mtayarishaji akaona bora awape vijana wa kiume walichojia. Ndiyo maana mzuka unasubiri kwa adabu mpaka wimbo uishe.

Kuhusu majengo, kuna jambo moja ninalopenda kuwaambia watu wa pwani. Jumba mojawapo ambalo Ramsay walilirudia kwa ajili ya haveli zao ni la nawabu, yaani mtawala, wa Janjira, liko Murud, kwenye pwani kusini mwa Mumbai. Manawabu wa Janjira walikuwa Masidi, ukoo wenye asili ya Uhabeshi, Waafrika walioshika ngome ya baharini kwa karne kadhaa mpaka dola yao ndogo ilipoingizwa katika India huru mwaka 1948. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa aliyekuwa akijifunika macho mbele ya televisheni alikuwa akiogopa, bila kujua, nyumba ya wenzake wa bara lilelile.

Faida ilipoonekana, waigaji walikuja. Mohan Bhakri, Vinod Talwar, baadaye Kanti Shah, kila mmoja akipunguza gharama zaidi ya aliyemtangulia, hadi ukafika wakati ambapo usiku na mchana vilibadilishana ndani ya sehemu moja, stelingi akiingia hotelini kwenye giza na kutoka dirishani kwenye jua la saa sita. Kuna wanaozipenda hasa kwa hilo. Mimi si mmoja wao. Ramsay walikuwa maskini lakini walijua kuweka taa ya buluu nyuma ya ukungu, na yule jitu wao, Ajay Agarwal, aliyekuwa amesomea uhandisi wa ujenzi huko Roorkee, alikuwa na uso ambao kamera haikuhitaji kuuongezea mengi.

Kilichoiua hoteli kwenye ukumbi wa sinema ni televisheni kwanza. Zee TV ilianza mwaka 1992, na mwaka uliofuata Ramsay haohao wakaanza kupeleka vitisho vyao nyumbani kwa watu kila wiki kupitia Zee Horror Show. Kwa nini ununue tiketi? Kisha yakaja majumba ya sinema ya skrini nyingi, kuanzia Delhi mwaka 1997, yenye tiketi ambazo yule mtu wa viti vya mbele hakuzimudu. Mtazamaji mpya aliishi kwenye fleti, na mwongozaji Ram Gopal Varma akamfuata hukohuko. Kaun ya 1999 ni nyumba moja, watu watatu, mvua, hakuna wimbo hata mmoja. Bhoot ya 2003 ni fleti ya ghorofani Mumbai. Mzuka ulihamia mjini na kuanza kupanda lifti.

Lakini hesabu ya zamani haijafutika. Anayetaka leo kutengeneza picha ya kutisha kwa Kihindi, ana kamera ndogo, marafiki sita na hana fedha, bado atakodi hoteli ya mlimani msimu ambao watalii hawapo, awalaze watu wake vyumba vya chini na kupiga picha vyumba vya juu. Kilichobadilika ni simu. Mtu mwenye simu hajapotea. Anafungua ramani, anampigia fundi, anawatumia wenzake picha ya mzuka. Kwa hiyo yule mzee wa chemli ameongezewa sentensi. Siku hizi, kabla hajafika kwenye chumba cha mwisho wa korido, anaanza kwa kuwaambia wageni kwamba hapa mlimani netiweki haishiki.